Homoni kwenye kichupa: kisa cha chanjo ya pepopunda Kenya, 2014

Novemba 2014 Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya lilitoa tamko zito. Chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakichomwa wasichana na wanawake wa miaka 14 hadi 49, lilisema, imekutwa na homoni ya ujauzito iitwayo hCG, na maana yake ni kwamba hii si kampeni ya pepopunda bali ni mpango wa kufunga kizazi kwa siri. Wizara ya Afya ikakanusha. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakakanusha. Kina mama waliokuwa wameshachanjwa wakabaki wakijishika tumbo.

Kisa hiki hakihusu watu wasiojua lolote. Kanisa Katoliki ni miongoni mwa waendeshaji wakubwa wa hospitali na zahanati Kenya, na kwa miongo mingi limechanja watoto wa nchi ile bega kwa bega na serikali. Waliolipatia ushahidi walikuwa madaktari waliosomea kazi yao, wa Chama cha Madaktari Wakatoliki. Tena walikuja na karatasi za maabara, zenye nambari. Ndiyo maana nakiona kisa bora cha kuchambua kuliko vile vya majini na vibwengo: hapa watu walitaka kupima, wakapima, na bado wakapotea. Anayecheka tu na kusema "ushirikina huo" hajakisoma.

Kampeni ilifanywa kwa awamu: Oktoba 2013, Machi 2014 na Oktoba 2014, ikilenga wanawake wapatao milioni 2.3 katika wilaya zilizohesabiwa kuwa na hatari kubwa. Na swali la kwanza lililoulizwa mitaani, ambalo mpaka leo ndilo huulizwa kwanza, lilikuwa zuri sana: mbona wanaume hawachomwi? Kwani wao hawakanyagi misumari?

Wanakanyaga. Ila kampeni haikuwa ya misumari. Mtoto anayezaliwa nyumbani, kitovu kikakatwa kwa wembe ambao si safi au kikapakwa kitu kutoka ardhini, anaweza kuingiwa na bakteria wa pepopunda. Siku mbili za mwanzo hunyonya kama kawaida. Baadaye taya linakaza, titi halishikiki tena, mwili unakuwa mkavu kama ubao, na mguso mdogo au mwanga wa taa unatosha kumtia mshtuko. Wengi wa wanaofikia hapo bila hospitali hufa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2013 peke yake watoto wachanga 49,000 duniani walikufa hivyo. Mtoto wa siku tatu huwezi kumchanja akapata kinga kwa wakati. Kinga lazima aje nayo, kutoka kwa mama, kupitia kondo. Mwanamume hana njia ya kumpa mwanawe kinga hiyo. Wengine walitilia shaka mpango wa kumchoma kila mwanamke dozi tano kwa jumla, lakini tano ndiyo ratiba ya kawaida ya mwanamke ambaye hakuchanjwa kikamilifu utotoni.

Maelezo haya yangetolewa mapema, kwa lugha ya baraza la kijiji, pengine nusu ya moto usingewaka. Moja ya malalamiko ya maaskofu ni kwamba kampeni ilipita kimyakimya, watu hawakuelezwa kwa nini ni wanawake tu na kwa nini ni wilaya hizi na si zile. Lalamiko hilo lina haki yake. Serikali inayosema "ni salama, chomweni" na kufunga mdomo inajitafutia uvumi.

Sasa tuje kwenye karatasi za maabara, maana hapo ndipo kisa kinapoamuliwa.

Madaktari wale walichukua vichupa vya chanjo wakavipeleka kwenye maabara za hospitali na za watu binafsi Nairobi, wakaomba kipimo cha hCG. Mashine zikatoa majibu yenye nambari. Lakini ni mashine gani hizo? Ni zilezile anazopimwa mwanamke anayetaka kujua kama ana mimba. Zimetengenezwa na kurekebishwa kupima damu ya binadamu. Ndani yake kuna kingamwili zinazoshika hCG, na kiasi kilichoshikwa husomwa kwa mwanga au rangi, kisha mashine hugeuza usomaji huo kuwa nambari kwa kuulinganisha na sampuli za damu zenye kiwango kinachojulikana.

Kichupa cha chanjo si damu. Kina sumu ya pepopunda iliyouliwa makali, chumvi ya aluminiamu ya kuamsha kinga, na dawa ya kuzuia vijidudu visiote chupa inapofunguliwa mara nyingi. Ukiutia mchanganyiko huo kwenye mashine ya damu, mashine haitasema "hiki sikijui". Haina namna ya kusema hivyo. Itatoa nambari tu. Mmoja wa wakuu wa maabara hizo alijitokeza hadharani baadaye kueleza kwamba sampuli hazikuletwa kwao kama chanjo, na kwamba kifaa chao hakikukusudiwa kupima kitu kama hicho.

Kisha ziangalie nambari zenyewe. Katika kipimo cha mimba, usomaji wa chini ya miliyuniti 5 kwa mililita huhesabiwa kuwa hakuna mimba, kwa sababu mashine yoyote ina kelele zake. Mpime mwanamume na unaweza kupata nambari ndogo. Majibu mengi yaliyopeperushwa kama ushahidi yalikuwa chini ya mstari huo. Yaani kama yangekuwa ya mwanamke, nesi angemwambia, "Mama, huna mimba, nenda nyumbani." Kwenye chanjo, nambari hiyohiyo ikawa njama ya dunia.

Ukitaka kupima shutuma kama hii kwa haki ungefanyaje? Ungechukua vichupa ambavyo havijafunguliwa, kutoka bohari na kutoka vituoni, mashahidi wa pande zote wakiwepo. Ungeviweka pamoja na vichupa vya maji matupu, vya chanjo ya pepopunda ya kiwanda kingine, na vingine ambavyo wewe mwenyewe umevitia hCG kwa kiasi unachokijua. Ungevibandika namba tu, ili mpimaji asijue kipi ni kipi. Kama mashine inaona homoni kwenye maji, umeshajua tatizo liko wapi. Hakuna lolote kati ya haya lililofanywa kabla ya tamko la kwanza kusomwa. Na hapa siwalaumu maaskofu kwa imani yao hata kidogo. Nawalaumu madaktari, kwa sababu sampuli ya kulinganishia ni somo la mwaka wa kwanza.

Kamati ya Afya ya Bunge la Taifa ilisikiliza pande zote mbili, na likafuata zoezi la pamoja la kupima. Februari 2015 maaskofu walitangaza kwamba kati ya vichupa 59, vitatu vilikutwa na homoni. Kwa wengi hilo likafunga mjadala: si wamekubali wenyewe kwamba vitatu vimo?

Tulia hapo kidogo. Vitatu hivyo vilitoka kwenye kundi la vichupa vilivyoletwa na upande ulioshutumu, ambavyo vilikuwa vimekaa mikononi mwao tangu mwanzo. Vile vilivyotoka moja kwa moja kwenye bohari ya serikali havikuonyesha kitu. Simtuhumu mtu kuwa alitia kitu kwenye chupa. Sina ushahidi wa hilo na sitaki kufanya kosa lilelile ninalolichambua. Nasema kwamba kichupa ambacho njia yake kutoka kiwandani hadi maabara haifahamiki hatua kwa hatua hakiwezi kuwa shahidi, wala kwa upande huu wala kwa ule. Polisi akileta bangi mahakamani bila kueleza ilikuwa kwa nani tangu siku ilipokamatwa, wakili wa kawaida kabisa ataitupa nje.

Watetezi wa shutuma walijibu nini kuhusu vichupa safi vya bohari? Kwamba serikali lazima ilivibadilisha, ikabandika lebo za zamani kwenye chupa mpya. Hili ndilo jambo la kulitazama kwa makini zaidi katika kisa chote. Homoni ikionekana, njama imethibitika. Isipoonekana, njama imethibitika zaidi, maana ushahidi umefichwa. Baada ya hapo hakuna maabara, nchi au mashine inayoweza kuleta jibu litakalowafanya waseme "basi, tulikosea". Mtu akifika hapo, maswali yake ya mwanzo, hata yale mazuri, yamekufa. Kilichobaki ni kukariri.

Lakini hCG imetoka wapi? Mbona hawakusema risasi au zebaki? Kwa sababu nyuma ya uvumi kuna jambo la kweli. Mtafiti G. P. Talwar wa New Delhi alihangaika miaka mingi kutengeneza chanjo ya uzazi wa mpango, na kweli alitumia hCG iliyounganishwa na chanjo ya pepopunda. Shirika la Afya Duniani nalo liliwahi kufadhili utafiti wa aina hiyo. Mimba ikishika, kondo changa hutoa hCG, na homoni hiyo huziambia ovari ziendelee kutoa projesteroni inayoushikilia ujauzito. Mwili ukifundishwa kuishambulia hCG, mimba haikai. Kwa kawaida mwili haushambulii kitu chake wenyewe, ndiyo maana Talwar aliifunga homoni kwenye kitu kigeni ambacho kinga inakichukia, yaani pepopunda.

Anayesambaza ujumbe wa WhatsApp huishia hapo: "Unaona? Chanjo hiyo ipo!" Hasomi matokeo. Yalichapishwa mwaka 1994. Wanawake 148 walichomwa wakijua wanachomwa nini. Asilimia 80 tu ndio waliofikia kiwango cha kingamwili kinachozuia mimba. Na kiwango kiliposhuka, wakapata mimba, jambo ambalo watafiti wenyewe walilitarajia, maana shabaha ilikuwa kuzuia kwa muda. Kwa hiyo hata chanjo iliyotengenezwa kwa makusudi hayo, kwa kipimo kikubwa, hospitalini, chini ya uangalizi, ilishindwa kwa mmoja kati ya watano na haikumfanya yeyote tasa wa kudumu. Halafu tuambiwe kwamba chembe ambazo mashine imezisoma chini ya mstari wa "huna mimba", zinazoelea tu kwenye kichupa bila kufungwa kwenye chochote, zimewafunga kizazi mamilioni. Homoni ikielea peke yake mwili hauishambulii. Wanawake wanaotibiwa utasa huchomwa hCG yenyewe, kwa maelfu ya yuniti, ili wapate mtoto.

Njia nyepesi ya kuupima uvumi huu haikuwa kwenye vichupa hata kidogo. Ilikuwa kwenye mishipa ya wanawake. Chukua damu ya waliochomwa awamu zote tatu na ya wasiochomwa, uangalie kama kuna kingamwili za kushambulia hCG. Kama chanjo inafanya kazi inayodaiwa, zitakuwepo, na hakuna bohari wala wizara inayoweza kuzibadilishia lebo. Katika mabishano yote ya 2014 na 2015 pande mbili ziligombania chupa.

Au hesabu watoto. Utafiti wa afya na idadi ya watu Kenya ulionyesha wastani wa watoto 4.6 kwa mwanamke mwaka 2008 na 2009, 3.9 mwaka 2014, na 3.4 mwaka 2022. "Si umeona, wanapungua!" Wanapungua, ndiyo. Lakini walipungua kwa kasi zaidi kabla ya kampeni kuliko baada yake, na kipindi hichohicho wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango walipanda kutoka asilimia 39 hadi 53, kisha 57. Vipandikizi na sindano za miezi mitatu vinatosha kabisa kueleza mteremko huo. Vilevile manesi waliochoma sindano zile wengi wao walikuwa kati ya miaka 14 na 49, na mabinti zao pia. Mpango wa siri wa namna hiyo ulihitaji wanawake maelfu wajifunge kizazi wenyewe bila hata mmoja kunong'ona.

Uvumi wenyewe haukuzaliwa Kenya. Kameruni mwaka 1990 wasichana wa shule walikimbia madarasani, wengine wakiruka madirisha, baada ya kusikia kwamba chanjo ya pepopunda inafunga kizazi. Miaka michache baadaye ukazuka Meksiko, Nikaragua na Ufilipino, safari hii ukiwa na hCG ndani yake, na huko nako vichupa vilipelekwa kwenye vipimo vya mimba. Ni hadithi ileile, kipimo kilekile kibovu, na jibu lilelile la Shirika la Afya Duniani. Iliposhuka Nairobi miaka ishirini baadaye ilikuwa imeshakomaa. Ilisubiri tu mtu wa kuaminika wa kuibeba.

Na kwa nini iliaminiwa? Wengi wanaoandika dhidi ya nadharia za njama hupita haraka hapa, na mimi naona ndipo pa kukaa. Mwaka uleule wa 2014 wanawake kadhaa wa Nairobi wanaoishi na VVU walifungua shauri Mahakama Kuu, wakisema walifungwa mirija ya uzazi bila ridhaa ya kweli. Walifika kujifungua wakiwa maskini na wagonjwa. Wengine walisema waliambiwa kwamba bila kufunga hawatapewa maziwa ya mtoto na chakula cha msaada. Wengine walisaini karatasi ambayo hawakuielewa, au walisaini wakiwa na uchungu. Desemba 2022 Mahakama ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaagiza walipwe fidia.

Basi mwanamke wa Kenya anayehofia kufungwa kizazi hajaota. Jambo hilo limetendeka, katika jiji lake, katika enzi zake, na watu waliovaa makoti meupe. Anayetaka kumtuliza kwa kumwambia "serikali na wazungu hawawezi kufanya hivyo" anamdanganya, na mwanamke huyo anajua anadanganywa.

Ila zilinganishe shutuma mbili hizi. Ile ya VVU ilikuwa na wanawake wachache, kila mmoja na mwili wake, tarehe yake, jina la kituo chake. Kulikuwa na fomu za kusainiwa. Mrija uliofungwa unaonekana kwenye picha; daktari wa upande wowote akitazama ataona kitu kilekile. Wahusika walitajwa na wakapata nafasi ya kujibu. Hakukuwa na mpango wa kupunguza Waafrika wala mkutano wa siri New York. Kulikuwa na dharau ya kawaida kwa mwanamke maskini mwenye VVU, na wafanyakazi walioona ni rahisi kumwamulia. Maovu mengi ya kweli yanafanana hivyo: ni madogo, yana makaratasi, yanachosha kuyafuatilia. Shauri lile lilichukua miaka minane.

Shutuma ya chanjo ilikuwa na mamilioni ya waathirika, na hakuletwa mmoja mwenye jina, mwenye vipimo vya kabla na baada, ambaye mahakama ingeweza kumsikiliza. Ilikuwa na nia kubwa na ushahidi mwembamba. Kwa kuwa ilikuwa na kishindo, ndiyo iliyojaza magazeti, na ile yenye ushahidi ikaendelea kuahirishwa. Kama kuna hasara ya njama za uongo ninayoichukia zaidi ni hiyo: hula hasira iliyopaswa kuwaendea wanawake wenye shauri mkononi.

Kampeni iliendelea. Kabla ya 2020 Kenya ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga, maana yake chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya. Maaskofu wenyewe, zilipokuja chanjo za Uviko mwaka 2021, walisema zinakubalika kimaadili na wakajitenga na kauli za kuzipinga zilizotolewa na baadhi ya madaktari wa chama kile.

Lakini Septemba 2017, kura ya urais ikiwa imetoka kufutwa na Mahakama ya Juu na uchaguzi wa marudio ukinukia, Raila Odinga aliifufua shutuma ile hadharani, kwamba wanawake kwa malaki wamefungwa kizazi na chanjo ya pepopunda. Vyombo vya habari vilibeba kauli hiyo mpaka nje ya nchi. Shauri la wanawake wenye VVU lilikuwa mwaka wake wa tatu mahakamani, na lilikuwa na mingine mitano ya kusubiri.